Tone Moja Begani

Kati ya sindano zote anazochomwa mtoto wa Kitanzania, ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo yenye kipimo kidogo kabisa, na ndiyo inayomtambulisha nesi mwenye mkono. Kipimo chake ni mililita 0.05, tone moja la maji. Haiendi kwenye msuli wala chini ya ngozi. Inatakiwa kuishia ndani ya ngozi yenyewe, na ngozi ya mtoto wa wiki mbili haina unene wa kuchezea.

Malambo, wilayani Ngorongoro, kazi hii huanza mbali na mtoto. Maboma ya Wamasai yametawanyika kwenye tambarare kavu, na mama aliyejifungulia nyumbani hawezi kila mara kutembea na kichanga mpaka kituoni, kwa hiyo chanjo humfuata yeye. Wahudumu huiita huduma ya mkoba. Kabla pikipiki haijawashwa, nesi hutoa pakiti za barafu na kuzipanga mezani. Hazifungashi upesi. Anasubiri, anaokota moja, anaitikisa karibu na sikio, anairudisha. Baadaye anarudia. Anaridhika pale tu anaposikia maji yakicheza ndani, maana barafu ngumu mno ingegandisha chanjo ya pentavalenti iliyomo kikashani humo humo, na hiyo ikishaganda imeharibika. Jua la Malambo nalo halina huruma. Kinachotafutwa ni nyuzi joto 2 mpaka 8, kutwa nzima, juu ya pikipiki.

Chini ya mgunga akina mama wameshakaa. Nesi anatoa kichupa cha kioo cha kahawia, rangi inayozuia mwanga usiiue dawa, na kabla ya lolote anatazama alama yake: duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kadiri joto linavyoipata, ndivyo mraba unavyokolea, na ukishalingana rangi na duara, kichupa hutupwa hata kama tarehe yake haijapita.

Ndani yake mna unga mkavu: bakteria hai waliodhoofishwa. Unga huo una historia ya watu wavumilivu. Mwaka 1908, mjini Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walianza kumkuza bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, yule yule anayeweza kumfikia binadamu kwa maziwa mabichi, jambo ambalo wafugaji wana kila sababu ya kulijua. Walimkuza juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa nyongo ya ng'ombe, na kila baada ya wiki tatu hivi wakamhamishia kwenye viazi vipya. Vita vikaja, Wajerumani wakaiteka Lille, wao wakaendelea kuhamisha. Miaka 13, takriban mara 230, mpaka bakteria akasahau kuua. Mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris mwaka 1921.

Nesi anaingiza maji ya kuchanganyia, ya kiwanda kile kile na yaliyopozwa vile vile. Hakitikisi kichupa, anakizungusha kwa vidole mpaka weupe wake ulingane. Kuanzia hapo saa inahesabu, kwani baada ya saa 6 kilichobaki humwagwa. Kichupa kina dozi 20, na vichanga waliopo hawafiki nusu yake. Wako watakaosema ni upotevu. Kwangu mimi upotevu ni mtoto kurudishwa boma bila chanjo.

"Yeyo, mlaze hivi," anasema, na mama anamgeuza mwanawe, bega la kulia likawa juu.

Bomba ni dogo, la kipimo kimoja tu, na hujifunga likishatumika. Kwa mkono wa kushoto nesi anaivuta ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka itulie. Mkono wa kulia unailaza sindano, karibu iwe sambamba na ngozi, tundu la ncha likitazama juu. Inaingia milimita 2 hivi, tundu likifichika tu, anasimama. Kisha anasukuma, na hapa kidole gumba ndicho kipimo. Dawa ikipita kwa urahisi, sindano imezama mno. Ikigoma, iko mahali pake. Inagoma. Anazidi kusukuma bila haraka, na uvimbe mdogo uliopauka unainuka, vinyweleo vikiacha vitundu kama vya ganda la chungwa. Hapo ndipo mtoto anapokumbuka kulia. Bomba linaingia zima kwenye sanduku la usalama. Begani hapapakwi kitu wala hapasuguliwi.

Baada ya nusu saa uvimbe umetoweka, na kazi imehamia ndani. Tumezoea kuziita seli za kinga askari. Nikisoma zinavyofanya kazi, naona zaidi mafundi.

Ndani ya ngozi zimo seli zenye matawi marefu. Paul Langerhans aliziona mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, akadhani ni za neva. Seli za jamii hii humeza bakteria, zikamkatakata, zikabandika vipande vyake nje ya utando wao, kisha zikafuata mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi za kwapani. Ndiyo maana mtoto mmoja mmoja huota kijitoki upande ule ule wa sindano.

Tezini hupita seli T, ambazo kila moja hutambua umbo lake mahususi. Zimekomaa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, tezi ambayo umuhimu wake ulikuja kufahamika mwaka 1961 kwa utafiti wa Jacques Miller. Huko mchujo ni mkali: zaidi ya 9 kati ya kila 10 hazitoki hai, ama kwa kuwa hazitambui lolote, ama kwa kuwa zingeugeukia mwili wenyewe. Zilizofaulu huzunguka tezi hadi tezi, zikikagua vipande vilivyoletwa, zisikute kitu, zikaendelea. Nyingi huishia hivyo. Ile inayokutana na umbo lake husimama, hukaa, huanza kugawanyika, na siku kadhaa baadaye kizazi chake kinashuka begani.

Begani kuna seli za makrofaji zilizokwisha kumeza bakteria mapema, ila ukoo huu wa bakteria una ujanja wa kuishi ndani ya aliyeumeza. Seli T zinapofika hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama, na hapo makrofaji hupata nguvu ya kumeng'enya kilichozishinda. Baadhi ya seli T hubaki kwa miaka mingi, zikimjua adui. Kinga hii humkinga mtoto mdogo hasa na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima. Kwa mapafu ya mtu mzima haina uhakika huo.

Kazi yote hiyo huonekana kwa nje kama kipele, kati ya wiki ya 2 na ya 6. Kipele kinakuwa kidonda kidogo, kinatoa majimaji, kinafanya gamba, na kwa kawaida miezi mitatu haipiti sana kabla ya kovu kubaki. Kliniki inayofuata, nesi hufunua bega na kulitafuta kovu hilo kwa ncha ya kidole.

Kwa hiyo wewe mama, na wewe bibi unayemsaidia kulea, kidonda hicho kikitoka msikikamue, msikipake mafuta, majivu wala dawa. Osheni kwa maji safi, kiacheni wazi. Na mnapohama na mifugo, kadi ya kliniki ihame nanyi: chanjo nyingine zinamngoja mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha 18.