Daraja lipo, karatasi ndizo hazipo: uhakiki wa kosa 0x80070035

Kuna ujumbe mmoja wa Windows ambao umewaharibia watu wengi jioni zao: kosa 0x80070035, yaani "njia ya mtandao haikupatikana". Hutokea pale laptopu ya Windows inapojaribu kufungua folda iliyoko kwenye kompyuta ya Linux, ndani ya nyumba hiyohiyo. Ruta ni moja, taa zinawaka, kompyuta zote mbili zinaingia intaneti bila shida, halafu unaambiwa eti njia haipo.

Leo tunauhakiki ujumbe huu, pamoja na dawa tatu ambazo watu hupeana kuutibu. Hoja yangu ni kwamba ujumbe unaficha sababu ya tatizo, na kwa kuificha unawasukuma watu wabomoe ulinzi ambao haukuwa na kosa lolote.

Kwanza, kwa nini tujali? Chukua nyumba ya mwalimu hapa Ngara au Biharamulo. Laptopu yake ina Windows. Kompyuta ya zamani imewekwa Linux kwa sababu Windows 11 inailemea, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Printa imechomekwa kwenye hiyo ya zamani. Mtihani wa muhula ukitumwa kwa WhatsApp, unasafiri hadi seva za mbali na kurudi chumba cha pili, unakula bando kwenda na kurudi. Ukibebwa kwa fleshi, unaweza kufika na virusi. Ukipita kwenye ruta ya nyumbani, hautumii hata MB moja ya bando.

Sasa twende Rusumo. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Ili lori livuke Mto Kagera, mambo matatu lazima yakae sawa: daraja liwe wazi, dereva abadili upande wa barabara, na karatasi zake zikubaliwe. Kompyuta nazo ni hivyohivyo. Lazima zifikiane, ziongee itifaki moja, na mwenye folda amtambue anayeomba kuingia.

Fikiria ofisa wa mpakani ambaye ukimpa pasipoti iliyoisha muda wake anakujibu, "Daraja halipo." Ndivyo 0x80070035 inavyofanya. Nyaraka za Microsoft zenyewe zinautaja msimbo huu miongoni mwa majibu anayopewa mtu aliyejaribu kuingia kama mgeni, bila nenosiri. Hapo daraja lipo, tatizo ni karatasi. Kuna ujumbe mwingine wenye afadhali kidogo, maana unawataja wageni, ila unasema wamezuiwa na sera za usalama za "taasisi yako". Taasisi gani, jamani, sebuleni Biharamulo?

Upande wa barabara nao una historia yake. Itifaki inayotumika, SMB, ilianzia IBM miaka ya 1980, kisha Microsoft wakaiendeleza. Mwishoni mwa 1991, Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu mjini Canberra, Australia, alianza kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba. Jina alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Hakuwa na mwongozo wa itifaki. Alichunguza ujumbe uliokuwa ukipita kati ya kompyuta, akajifunza namna ya kujibu. Ni sawa na mtu aliyejifunza sheria za barabara za jirani kwa kukaa ng'ambo ya mto na kutazama magari. Nyaraka rasmi timu ya Samba ilizipata Desemba 2007, kwa euro 10,000, baada ya Microsoft kushindwa kesi dhidi ya Tume ya Ulaya.

Sasa hizo dawa tatu.

Ya kwanza: "Washa SMB1." Hili ndilo toleo la zamani la itifaki. Kirusi cha WannaCry, kilichosambaa duniani tarehe 12 Mei 2017, kilipitia udhaifu uliokuwa ndani ya programu ya Windows inayohudumia toleo hilo. Mwaka huohuo Microsoft wakaanza kuliondoa kwenye Windows 10, na Samba 4.11 ya mwaka 2019 nayo ikalifunga. Kama Linux yako ni ya miaka ya karibuni, tayari inaongea SMB2 na SMB3. Unameza dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Ya pili: "Ruhusu wageni." Hii kweli inafanya kazi, kwa sababu inamwondoa kabisa mkagua karatasi. Lakini kila aliyewahi kupewa nenosiri la Wi-Fi yako, akiwemo mwanafunzi wa jirani, sasa anaweza kuufungua mtihani.

Ya tatu: "Zima faiwoli." Laptopu haikai nyumbani siku zote. Kesho italala gesti Nyakanazi, keshokutwa itaunganishwa Wi-Fi ya hosteli. Faiwoli iliyozimwa sebuleni inaweza kubaki imezimwa huko kote.

Siwalaumu sana wanaozitoa dawa hizi. Ujumbe haujawaambia chochote, kwa hiyo wanabahatisha. Samba nayo si malaika. Unaweka nenosiri lako la Linux, lilelile la kila siku, unakataliwa bila maelezo. Sababu ni kwamba Linux huhifadhi nenosiri kwa namna isiyorudishika na isiyolingana na ile ya Windows, kwa hiyo Samba ina daftari lake na lazima uandikishwe upya. Mtumiaji wa kawaida atalijuaje hilo?

Badala ya kubahatisha, uliza maswali matatu kwa mpangilio.

Daraja liko wazi? Kwenye Linux andika `hostname -I` upate anwani, tuseme 192.168.1.20. Kwenye Windows andika `ping 192.168.1.20`. Isipojibu, hakikisha zote ziko Wi-Fi moja. Baadhi ya ruta huzitenga kompyuta zilizounganishwa kwenye mtandao wa wageni.

Upande ni mmoja? Andika `\\192.168.1.20` kwenye dirisha la mafaili la Windows. Usitegemee orodha ya kompyuta za mtandao. Windows za sasa hutafuta majirani kwa njia ambayo Samba peke yake haiitumii, hivyo kompyuta inaweza isionekane huku inafikika vizuri tu.

Karatasi zipo? Kwenye Linux andika `sudo smbpasswd -a` ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji, weka nenosiri, kisha tumia jina na nenosiri hilo ukiwa kwenye Windows. Ukienda kinyume, kutoka Linux kuingia Windows, PIN haitakubalika. Weka nenosiri kamili la akaunti.

Microsoft na Samba wanajua hatua ipi kati ya hizi tatu imekwama, kwa sehemu kubwa ya makosa haya. Wangeitaja tu, ingetosha. Mpaka watakapoitaja, mwalimu anayefuata maswali haya atachapa mtihani wake, na folda yake itaendelea kudai nenosiri kwa kila aliyeazima Wi-Fi.