Kuchomelea si Kulehemu: Uhakiki wa Istilahi Chache za Karakana za Kilosa na Mikumi

Katika ziara ya kukusanya istilahi za ufundi wilayani Kilosa nilionyeshwa chombo cha kubebea maziwa ambacho mkono wake ulikuwa umebanduka mara mbili. Mwenyewe, mfugaji mtu mzima, alinieleza kwamba aliona fundi atamtoza fedha nyingi, akaamua kuifanya kazi hiyo kwa mkono wake, akifuata karatasi ya maelezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Karatasi ilimwagiza aulehemu mkono huo wa chuma cha pua. Mzee akatafuta lehemu, yaani ule mchanganyiko wa risasi na bati unaotumiwa na mafundi wa redio. Haikushika. Ndipo akaazima mashine ya umeme na vijiti vya kawaida vya kuchomelea mageti. Safari hii mkono ulishika, lakini baada ya wiki kadhaa kiungo kikatoa kutu, kisha kikaachia.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mzee kwa kutomwita fundi. Mimi nasema mfasiri anastahili lawama kubwa zaidi, kwa kuwa katika sentensi moja aliweka istilahi mbili zisizofaa.

Yafaa tuanze na kitenzi. Kulehemu na kuchomelea ni kazi mbili mbalimbali. Anayelehemu huyeyusha kiungio peke yake. Vipande vinavyoungwa hubaki vigumu. Anayechomelea huyeyusha kingo za vipande vyenyewe, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja. Ni kweli kwamba wapo watumiaji wazuri wa lugha wanaotumia kulehemu kwa maana zote mbili, na huko nyuma jambo hilo halikudhuru mtu. Lakini karatasi ya maelezo haisomwi kama hadithi. Aliyeambiwa alehemu atakwenda kununua lehemu, na lehemu yenye risasi ndani ya chombo cha maziwa ni sumu. Tushukuru kwamba haikushika: utando mwembamba ulio juu ya chuma cha namna hii huikataa lehemu ya kawaida.

Mafundi hawana utata huo. Katika gereji zilizo kando ya barabara kuu ya Iringa pale Mikumi, ambako malori huingia na fremu zilizopasuka, nilisikia kuchomelea, na mara nyingine kuchomea tu. Napendelea la kwanza. Kuchomea huweza pia kuwa kuchoma kwa ajili ya mtu, kama vile kumchomea mgeni mahindi. Kuchomelea kumebeba ile -lea ya kukaza, ndugu ya kupigilia msumari na kushindilia udongo. Walioliunda hawakukaa katika kamati yoyote, na neno lao limetimia kuliko mengi yaliyopita mezani kwetu. Tahadhari moja tu kwa wafasiri: kumwandikia msomaji jichomelee, kwa maana ya kwamba aifanye kazi mwenyewe, ni kumwagiza ajiunge na geti. Aandikiwe: chomelea mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jina, ambako tatizo ni zito zaidi. Pua, au chuma cha pua, katika Kiswahili cha siku nyingi ni kile kile kiitwacho feleji: chuma kigumu cha visu na mapanga. Panga la mkulima wa Kilosa ni la pua, na likilala nje usiku wa mvua huamka na kutu. Siku hizi matangazo ya masufuria na tafsiri za haraka zimelihamisha neno hilo kwenye madini mengine kabisa, yale yenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, ambayo Harry Brearley aliyatengeneza mjini Sheffield mwaka 1913. Kwa hiyo mzee wetu alipomwomba muuza duka vijiti vya chuma cha pua, akapewa vya feleji ya kawaida, hakudanganywa. Alipewa hasa alichokitaja.

Wenzangu wengine hupendekeza chuma kisichoshika kutu. Ni maneno mazuri, ila yanaahidi mno, kama yanavyoahidi majina ya Kifaransa na Kijerumani. Chuma hiki hushika kutu. Kikichomelewa kwa kijiti kisichokifaa, kikisuguliwa kwa brashi ya waya iliyokwisha kusugua chuma cha kawaida, au kikikaa mno katika joto la kati ya digrii 450 na 850 hivi, kinga ya kromiamu hudhoofika karibu na kiungo. Mwambao, ambako vipande vyake hufungwa kwenye mashua, maji ya chumvi hulifichua kosa hilo mapema. Kilosa hakuna bahari, na kosa hujificha mpaka maziwa yamwagike.

Mafundi wa Mikumi husema stenlesi. Nakiri kwamba nilipofika huko nilikuwa na azma ya kulikataa. Lakini stenlesi halina maana nyingine ya kumpotosha mtu, limekwisha kuvaa mavazi ya Kiswahili, na muuza duka hulielewa. Napendekeza likubaliwe, na pua irudishiwe panga lake.

Istilahi zikinyooka, hata swali la mzee hujibika. Mtu mwenye mazoezi anaweza kuchomelea mwenyewe kishikio cha mlango cha stenlesi, mradi apewe jina la kijiti chake, aambiwe atumie brashi ya peke yake, na aonywe kuhusu moshi: mwaka 2017 moshi wa kuchomelea uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ule wa stenlesi una kromiamu ya aina iliyo mbaya zaidi. Chombo cha chakula au tangi la mafuta apelekewe fundi. Mfasiri ayaandike hayo yote kwa maneno ya karakana.

Limebaki neno la kile kijiti chenyewe. Kilosa nilisikia kijiti, Mikumi rodi, na vitabuni mna elektrodi. Wasomaji walio karibu na karakana za mikoa mingine watuandikie wanachokisikia huko.