Kumlilia Tusiyemjua: Mbolezi, J.M. Kariuki na Hadhira ya Bondeni

Makala haya yanakusudia kulijadili suala ambalo wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezoea kulipita haraka: je, mtunzi aweza kumwombolezea kwa dhati mtu mashuhuri ambaye hakupata kuonana naye? Jawabu la kawaida ni la dharau. Mbolezi zitungwazo wafapo viongozi huhesabiwa kuwa tungo za magazetini tu, zenye sifa nyingi na uchungu haba, kwa kuwa mfiwa wa kweli ni jamaa wa marehemu. Uchungu wa mwana, twaambiwa, aujuaye mzazi. Sisi twaona kwamba kipimo hicho hakifai. Udhaifu wa nyingi za mbolezi hizo hautokani na umbali uliopo baina ya mtunzi na marehemu. Watokana na jinsi mtunzi anavyouficha umbali huo.

Tuanze na mapokeo yetu wenyewe. Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa Tanga, mtunzi wa Utenzi wa Seyyidna Huseni, aliishi karne zipatazo kumi na mbili baada ya mauaji ya Karbala ya mwaka 680. Watunzi wa tenzi za kutawafu kwa Mtume nao hawakuwapo Madina. Hata hivyo hatuwashutumu kwa kulia kilio cha kuazima. Sababu ni kwamba watunzi hao hawajidai kuwa ndugu wa marehemu. Kazi yao ni kusimulia. Msikilizaji hupewa mahali, hupewa mfuatano wa mambo, huwajua waliosimama na marehemu na waliomsaliti. Na akishayajua hayo, machozi humjia pasipo kuamrishwa alie. Ukaribu katika tenzi hizo ni zao la maarifa.

Ili kuipima hoja hiyo karibu na wakati wetu, tuchukue msiba mmoja na hadhira moja: kifo cha J.M. Kariuki mnamo Machi 1975, na wakazi wa Bondeni, mtaa mkongwe wa mjini Nakuru. Bondeni ni mtaa wa watu wa makabila na dini mbalimbali, ambao lugha yao ya pamoja sokoni na msibani ni Kiswahili. Josiah Mwangi Kariuki alizaliwa Kabati-ini, katika nchi hiyohiyo ya Nakuru, mwaka 1929. Waingereza walimweka kizuizini kuanzia 1953 hadi 1960. Alipouawa alikuwa Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, naye akazikwa Gilgil, kusini-mashariki ya Nakuru. Lakini ujirani wa ardhi si ujuano. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwa na njia ya kumjua isipokuwa redio, magazeti na maneno ya watu, na zaidi ya yote lile onyo lake kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea wachache na mamilioni ya maskini. Mtu asiye na shamba aliposikia onyo hilo, alisikia akitajwa yeye mwenyewe. Alipomlilia Kariuki, alimlilia mtu aliyeyasema hadharani yale ambayo yeye huyanong'ona. Hasara hiyo ni ya kweli, wala haihitaji udugu wa kubuni.

Hapo ndipo fani ya mbolezi inapotiwa majaribuni. Mbolezi ya kawaida ya gazetini ina vifungu vyake vilivyokwisha kuchakaa: pengo lisilozibika, mwenge uliozimika, na juu ya yote kauli kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hii ya mwisho ni ya imani, na penye kifo cha maradhi au uzee huwaliwaza wafiwa. Lakini Kariuki hakufa kwa maradhi. Alionekana kwa mara ya mwisho tarehe 2 Machi katika hoteli ya Hilton, Nairobi. Siku iliyofuata maiti yake ilionekana katika milima ya Ngong, nayo haikutambuliwa na jamaa zake hadi tarehe 11. Katika siku hizo gazeti moja lilitangaza kwamba yuko Zambia. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilitoa taarifa yake mwezi Juni 1975. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Mtunzi akiufunga msiba wa namna hii kwa kuukabidhi kwa Mola peke yake, huwa amewapunguzia wauaji mzigo wao. Utenzi wa Seyyidna Huseni haufanyi hivyo. Katika kisa cha Karbala kadari ya Mungu haimfutii Yazidi dhambi yake. Imani na lawama husimama pamoja. Mapokeo yetu, basi, yalikwisha kutupa mfano ambao mbolezi za magazetini zimeusahau.

Joseph Kamaru alimwimbia Kariuki kwa Kigikuyu, na wimbo wake ukawafikia wengi. Lakini katika mtaa kama Bondeni, Mjaluo, Mluhya na Mgikuyu waliofiwa na tumaini moja walihitaji pia kulia kwa lugha moja.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa. Msiba huo ulikuwa na bendera, mizinga na matangazo. Hatusemi kwamba waliolia hawakulia kwa dhati. Kifo cha wengi harusi, na wengi waliliwazika kwa kulia pamoja. Lakini tamathali ya "baba" ina sharti lake: mwana hahoji makosa ya baba matangani. Abdilatif Abdalla alifungwa na serikali ya Kenyatta kuanzia 1969 hadi 1972. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi aliyoyatunga gerezani, ikapata tuzo iliyoitwa kwa jina la Kenyatta. Jina lenye pande mbili namna hiyo haliwezi kuombolezwa kwa neno moja.

Kipimo hicho kimguse Kariuki pia. Alikuwa tajiri, mwenye shamba kubwa na farasi wa mashindano, huku akiwatetea wasio na ardhi. Mbolezi inayoificha hali hiyo humtendea kama mgema asifiwaye. Inayoitaja humwachia msikilizaji swali zito: kwa nini wavuja jasho walimpata msemaji wao miongoni mwa matajiri?

Kwa muhtasari, twapendekeza mbolezi ya mtu mashuhuri ihakikiwe kwa maswali matatu. Je, yasimulia alivyokufa, au yaufunika usimulizi kwa kauli zilizochakaa? Je, yasema waziwazi kile alichopoteza mwombolezaji, bila ya kunyakua nafasi ya mjane na yatima? Je, yamhifadhi marehemu pamoja na kasoro zake? Na kwa walimu wenzetu tuna ombi moja. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1975 sasa ni mzee wa zaidi ya sabini. Wanafunzi wetu na wapelekwe Bondeni kuyarekodi masimulizi ya wazee hao, maana huenda mbolezi ya Kariuki tunayoitafuta ingali vinywani mwao.