Kati ya Kitanda na Boksi

Mwaka 1993 watafiti walipita katika hospitali tisa za Mkoa wa Mwanza wakiwauliza wahudumu wa afya wanachomwa na sindano mara ngapi. Majibu yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO): kwa wastani, mara tano kwa mwaka, na mara tisa kurukiwa na damu au majimaji ya mwili. Hapa kwetu Mkula, ambako leo ni Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, enzi hizo palikuwa Wilaya ya Magu, mkoa huohuo wa Mwanza. Takwimu hizi ni za nyumbani.

Watafiti hao walikadiria kuwa hatari ya mhudumu kuambukizwa VVU kazini ilikuwa asilimia 0.27 kwa mwaka, na kwa wapasuaji asilimia 0.7. Makadirio ya aina hii hutokana na kuzidisha vitu vitatu: idadi ya michomo, sehemu ya wagonjwa wenye virusi, na uwezekano wa mchomo mmoja kuambukiza, ambao kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Chukua wodi ambayo mgonjwa mmoja kati ya watano ana virusi. Michomo mitano inakupa mmoja wenye virusi, hivyo hatari ya mwaka ni asilimia 0.3.

Wodi haichagui wagonjwa. Lakini idadi ya michomo inategemea jinsi kazi ilivyopangwa.

Mfuatilie muuguzi anayemtoa damu mtoto. Mtoto anatapatapa, mama anamshika, damu inapatikana. Sasa muuguzi ana sindano mkono mmoja na pamba mkono mwingine, na boksi la usalama la kutupia sindano liko dirishani, mwisho wa wodi. Anahitaji mkono mtupu, basi anairudishia sindano kifuniko chake. Kifuniko kiko kushoto, ncha inatoka kulia. Ikikosea kidogo tu inaingia kwenye kidole cha shahada. Watasema hakuwa makini, ilhali boksi lilikuwa mbali.

Dawa yake ni boksi kusafiri na troli, lifikiwe bila kupiga hatua. Aliyechoma ndiye anayetupa, papo hapo, bila kupinda ncha wala kurudishia kifuniko. Pasipokuwa na budi, kifuniko kilazwe kwenye trei na sindano ikifuate kwa mkono mmoja. Boksi likifika robo tatu lifungwe, kwa sababu anayesukumiza ya mwisho ndani ya boksi lililojaa hukutana na ncha za waliotangulia. Asipofunga mtu, zamu ya kuchomwa ni ya mfanya usafi anayebeba taka, ambaye hata sindano hakuishika.

Bomba la sindano linalojifunga baada ya kutumika mara moja, tulilolizoea kwenye chanjo, humlinda mgonjwa anayefuata. Ncha yake hubaki wazi kwa muuguzi. Linalomlinda muuguzi ni lile ambalo sindano yake hurudi ndani au kufunikwa na ala. Ndiyo maana mwaka 2015 WHO ilihimiza aina zote mbili.

Mchomo ukitokea, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa. Dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa chache, isipite saa 72, na imezwe siku 28. Homa ya ini B ni kali zaidi: kwa asiyechanjwa, mchomo mmoja unaweza kuambukiza hadi kwa asilimia 30. Utafiti uliofanywa Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta takriban asilimia 7 ya wahudumu wana maambukizi sugu ya virusi vya homa hiyo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2002. Waliozaliwa kabla hawakuipata chanjo hiyo utotoni. Dozi tatu ndani ya miezi sita zinatosha, na zitolewe kabla mtumishi hajapangiwa wodi.

Limebaki daftari la ajali. Wodi isiyoandika mchomo hata mmoja mwaka mzima huenda inaficha, hasa pale anayeripoti anapoishia kugombezwa. Mganga mfawidhi alisome kila mwezi akitafuta saa, kitanda na umbali wa boksi. Michomo mitatu kwenye kona moja ya wodi inatosha kumwonyesha pa kufunga boksi jipya.