Lugha ya Amri, Lugha ya Jibu: Kuisoma Sauti ya Dhiki na Mafunzo ya Gerezani

Katika mwaka wetu wa pili tulisoma Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa mwaka 1973. Mwenzetu mmoja alipowasilisha kazi yake darasani, alimalizia kwa kusema kwamba gereza ni chuo, kwa kuwa ndilo lililomfanya Abdilatif awe mshairi mkubwa. Wengi tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini nilipofika bwenini sikuwa na raha, maana nina mjomba aliyewahi kufungwa, nami najua alitoka na nini. Insha hii ni jibu langu kwa mwenzangu yule. Ni jibu kwangu mwenyewe pia, kwa sababu ya makofi yale.

Hoja yangu ni hii: gereza halikumfundisha Abdilatif ushairi, na tukisema lilimfundisha tunalipa sifa lisiyostahili. Zaidi ya hapo, diwani hii inatupa kipimo kizuri cha kupimia mafunzo yanayotolewa magerezani leo. Kipimo hicho ni swali: je, mfungwa anapotoka ana uwezo wa kujisemea, au mikono yake tu ndiyo iliyofundishwa?

Nianze na mshairi. Mwaka 1968 Abdilatif aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka huo. Alikuwa na umri wa miaka 22, yaani umri wetu sisi tunaokaa darasani tukimchambua. Muda mwingi alitengwa na wafungwa wengine. Hakuruhusiwa kuwa na kalamu wala karatasi za kuandikia. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakatolewa nje kisirisiri. Alifunguliwa mwaka 1972, kitabu kikatoka mwaka uliofuata, na mwaka 1974 kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi.

Sasa tujiulize, hapo mwalimu ni nani? Abdilatif alikulia Mombasa katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa Malenga wa Mvita, ni nduguye. Vina, mizani na msamiati wa Kimvita alivipata nyumbani kabla hajauona mlango wa gereza. Alipoingia, gereza lilijaribu kumnyang'anya hata kifaa cha kuandikia. Mtu akikufunga mikono ukaogelea kwa miguu, hatusemi kwamba aliyekufunga ndiye aliyekufundisha kuogelea.

Mashairi yenyewe yanathibitisha jambo hili. Katika "Siwati", neno ambalo kwa Kiswahili sanifu ni "siachi", mshairi anatangaza kwamba hatauacha msimamo wake. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili, Alii na Badi, wanabishana kuhusu mnazi, na kila mmoja anapewa nafasi ya kutoa hoja zake. Sisi tuliojifunza Kiswahili ukubwani tunapata taabu na lahaja, lakini muundo wake tunauelewa: ni mahakama ambayo pande zote mbili husikilizwa. Katika "Jipu" na "Mamba" mshairi anasema kwa mafumbo yale ambayo kuyasema waziwazi kungemletea balaa. Mashairi haya yana sauti ya mtu anayejibu. Hakuna aliyemwomba ajibu, na wenye gereza walitaka anyamaze.

Diwani hii ina upungufu wake pia, na mhakiki hapaswi kuuficha. Anayetaka kujua maisha ya wafungwa wa kawaida, yule mwizi wa kuku, yule aliyeshindwa kulipa faini, yule anayeshinda karakanani akipiga randa, hatapata mengi humu. Mshairi alikuwa peke yake, na sauti tunayoisikia zaidi ni yake. Kwa hiyo tukitaka kuzungumzia elimu ya wafungwa kwa jumla, kitabu kinatufikisha mlangoni tu. Kutoka hapo inanibidi niendelee na mjomba.

Mjomba wangu alifungwa nilipokuwa shule ya msingi. Nyumbani tuliambiwa amekwenda kufanya kazi mbali. Alirudi nilipokuwa kidato cha tatu, amekonda, na asubuhi ya kwanza aliamka kabla ya jogoo akasimama mlangoni kama anayesubiri kuhesabiwa. Baadaye nilijua kwamba sehemu kubwa ya kifungo chake aliitumia katika gereza la mashambani akilima. Miaka miwili ya mwisho alihamishiwa gereza lenye karakana, na huko akajifunza useremala. Alijifunza vizuri. Kiti alichomtengenezea mama hakina msumari hata mmoja. Viungo vyake vimeingiana vikakaza, na mpaka leo hakijalegea.

Lakini alitoka bila randa, bila msumeno, bila patasi. Hakupewa karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ni fundi. Alipokwenda kuomba kazi kwa mwenye karakana mjini, aliulizwa swali moja: "Umejifunzia wapi?" Akanyamaza. Mwenye karakana akaelewa ule ukimya, naye akampa kazi ya kupiga msasa kwa malipo ya kibarua. Na mimi, mpwa wake, nilipotembelewa na wenzangu wa shule wakakisifu kile kiti, niliwaambia kimenunuliwa Kampala.

Mjomba alitoka na kitu kingine pia: Kiswahili. Kwetu Uganda lugha hii ilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya askari, na wengi wa wazazi wetu waliisikia kwanza kwa mtu aliyeshika bunduki au kirungu. Mjomba alijua maneno yake vizuri: simama, kaa chini, chuchumaa, hesabu, haraka, nyamaza. Nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nimechagua kusomea viboko.

Hapa ndipo ninapouona ubovu wa ule usemi wa kwamba gereza ni chuo. Chuo humfundisha mwanafunzi kuuliza. Mahali ambapo mfungwa anafundishwa ufundi kwa amri na lugha kwa amri, anaweza kutoka na mikono hodari na ulimi uliofungwa. Swali dogo la mwenye karakana linamshinda, na mtu anayeshindwa na swali hilo hulipwa nusu ya anachostahili.

Ni lazima pia tutenganishe kazi na mafunzo, maana mara nyingi huchanganywa. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu magereza ya Uganda iliyoeleza jinsi wafungwa walivyolazimishwa kufanya kazi ngumu mashambani, yakiwemo mashamba ya watu binafsi. Mtu aliyekuwa mkulima kabla ya kufungwa akipewa jembe alime shamba la mwingine, amefundishwa nini? Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela na zilizopitishwa mwaka 2015, zinalisema jambo hili wazi. Kazi ya mfungwa, kadiri inavyowezekana, imsaidie kupata riziki ya halali akitoka, na mafunzo yake yasiwekwe chini ya tamaa ya faida. Zinasema pia kwamba elimu kwa wasiojua kusoma na kwa vijana iwe ya lazima. Nikizisoma kanuni hizo namwona mjomba na jembe lake, na naona umbali uliopo kati ya karatasi na shamba.

Hata jina hubadilishwa. Zanzibar, magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo. Nililipenda jina hilo nilipolisikia mara ya kwanza, na bado nalipenda, kwa sababu jina zuri ni ahadi na ahadi inaweza kudaiwa. Lakini wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Jina likikaa muda mrefu bila vitabu, bila vifaa na bila cheti cha kueleweka nje, linageuka kuwa kejeli kwa yule anayelala ndani yake. Hilo ni kweli kwa nchi yoyote itakayobandika jina la namna hiyo, na sisi Waganda hatuna haki ya kumcheka jirani.

Je, kuna mahali ambapo mambo yamekwenda vizuri? Yapo, na tena karibu nami, Luzira, mwendo mfupi kutoka katikati ya Kampala. Humo wafungwa husoma na hufanya mitihani ile ile ya taifa tunayofanya sisi, na kuna waliopata mafunzo ya biashara ndogondogo kutoka Makerere. Lakini mfano unaotajwa zaidi ni wa Susan Kigula. Alihukumiwa kifo mwaka 2002. Yeye na wenzake 417 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walikwenda mahakamani, wakiwakilishwa na mawakili, kupinga sheria iliyomnyima jaji nafasi ya kutoa adhabu nyingine yoyote isipokuwa kifo. Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao mwaka 2005 kwamba sheria hiyo inakiuka katiba, na Mahakama ya Juu ikathibitisha mwaka 2009. Mwaka 2011 Kigula alipewa adhabu mpya ya miaka 20, na mwaka 2016 akatoka. Akiwa ndani alimaliza masomo ya sekondari, akasomea sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London, na akawasaidia wafungwa wenzake katika rufaa zao.

Watu wakiisimulia habari hii haraka husema kwamba mama huyu alisoma sheria kisha akashinda kesi. Mpangilio huo unapendeza lakini si sahihi. Kesi ilitangulia, masomo ya sheria yakafuata. Kwangu mimi tofauti hiyo ni muhimu sana. Kwanza watu 418 walitambuliwa kuwa na neno la kusema mbele ya jaji. Baada ya hapo elimu ikapata mahali pa kuota. Abdilatif aliandika "Siwati" kabla ya mtu yeyote kumruhusu kusema; Kigula na wenzake walisema, kisha mlango wa darasa ukafunguka zaidi. Katika habari zote mbili, sauti ndiyo iliyovuta elimu.

Najua nitapingwa. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya insha hii alisema: "Wewe unazungumzia mashairi na mahakama, lakini mfungwa akitoka ana njaa. Mpe cherehani, achana na vina." Ana haki. Mwanamke aliyetoka gerezani na watoto wanamsubiri anahitaji cherehani leo, na shairi halipikwi. Mimi sisemi karakana zifungwe. Nasema karakana peke yake haitoshi, na ushahidi wangu ni mjomba, ambaye alikuwa na ufundi kamili akalipwa kama kibarua. Laiti angefundishwa pia kuandika barua ya kuomba kazi, kukadiria bei ya kiti, kusoma mkataba, na kulijibu lile swali la "umejifunzia wapi" bila kuinamisha kichwa, ufundi wake ungemlisha. Mambo hayo hayahitaji mashine ya gharama. Yanahitaji mwalimu, ubao, na askari anayekubali kwamba mfungwa anaweza kuuliza.

Kwa hiyo namwomba mwenzangu wa darasani abadilishe sentensi yake ya mwisho. Asiseme gereza ni chuo. Aseme Abdilatif aliingia na elimu ambayo gereza lilishindwa kuizima, na kwamba wengi huingia bila elimu hiyo, ndiyo maana tunadaiwa kuwapelekea. Sauti ya Dhiki isiwe kitabu cha kuwafariji wenye magereza. Kila ukurasa wake unauliza ni wangapi walikuwa na la kusema na hawakupata hata karatasi ya chooni.

Likizo iliyopita nilikwenda na kitabu nyumbani. Jioni moja, mjomba akiwa amekaa kwenye kile kiti, nilimsomea "Siwati" na kumfafanulia kwa Kiganda pale lahaja ilipomshinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, kumbe mtu anaweza kukataa kwa Kiswahili?" Nikamwambia anaweza. Akaniomba nisome tena. Siku mbili baadaye walikuja wageni, na mmoja akauliza kiti kile kimetoka wapi. Kabla mjomba hajafungua mdomo nilisema kwamba ni yeye aliyekitengeneza, na kwamba ufundi huo aliupata gerezani. Wageni walinyamaza kidogo. Mjomba aliinama, akaupapasa mguu wa kiti, akaanza kuwaeleza jinsi viungo vyake vinavyoingiana.