Waliohesabu Risasi

Kwenye kibanda kimoja cha gemu hapa Kibondo mjini kuna daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kurasa zake zimechakaa kwa vidole. Ndani yake, kwa kalamu ya bluu, mwenye kibanda ameandika mbinu za kuichenga gemu: bonyeza hiki mara mbili, kisha kile, risasi haziishi; bonyeza hivi, hufi. Mtoto akiingia na mia mbili yake, kabla hajashika pedi anaomba daftari. Simlaumu. Amelipia dakika chache na anataka kuzitumia kushinda. Lakini nimekaa pale mara nyingi nikiwatazama, na jambo ni lile lile: akishapata risasi zisizoisha, mtoto anafyatua dakika mbili tatu, anacheka, halafu macho yanaanza kuhama kwenye televisheni na kwenda barabarani kutazama bodaboda.

Nataka kuwasifu watu ambao kazi yao ilikuwa kumfanya mtoto yule asichoke. Siwasemi wachoraji wa gemu wala watunzi wa hadithi zake, maana hao wamekwisha kupewa sifa zao. Nawasema wale waliokaa wakahesabu: chumba hiki kiwe na risasi ngapi, bandeji iwekwe nyuma ya mlango upi, na njiani wasimame maadui wangapi. Katika gemu za bunilizi za kisayansi, zile ambazo mchezaji anatumbukizwa ndani ya chombo cha angani au jiji lililokufa na kuliona kwa macho ya mhusika mwenyewe, hesabu hiyo ndiyo roho ya kila kitu. Risasi zikizidi, hofu inakufa na chombo kinakuwa jengo tupu lenye taa nzuri. Zikipungua mno, mchezaji anazima mashine na harudi. Njia ya katikati ni nyembamba, na walioijua walikuwa wachache.

Ninayoipenda kuliko zote ni System Shock 2, iliyotoka mwaka 1999, kazi ya karakana mbili za Marekani, Irrational Games na Looking Glass Studios. Mimi niliifikia miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta ya mtumba, wakati Kibondo tukiishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, kabla gridi ya Taifa haijafika. Umeme ulikuwa ukikatika bila kuaga, kwa hiyo hata mchezo wenyewe ulichezwa kwa kuhesabu. Unaamka ndani ya chombo kikubwa kiitwacho Von Braun, mwaka 2114. Wenzako wamekufa au wamegeuzwa viumbe, na mkononi huna ila spana. Bastola utaipata, lakini kila risasi unayofyatua inaichakaza. Ukiitumia ovyo itakukwamia adui akiwa mbele yako.

Sasa tazama fundi alivyofanya. Viumbe wengine wanabeba bunduki. Ukimwangusha mmoja, bunduki yake inabaki sakafuni, nawe unaikimbilia kwa furaha ukakuta ni mbovu, haifyatui. Mtu mvivu angeishia hapo: mchezaji asipewe bunduki mapema, basi. Lakini aliyepanga mambo haya aliacha kitu kidogo. Ukiichukua ile bunduki mbovu ukaifungua, ndani unaweza kukuta risasi iliyobaki. Nakumbuka nimejibanza kwenye korido ya sitaha ya matibabu, nafungua bunduki ya marehemu, natoa ile risasi na kuitia mkobani, huku nyuma ya ukuta nasikia mwingine akija. Na viumbe wale wanaongea. Anakujia na bomba mkononi huku akikuomba radhi, akikusihi ukimbie, kwa kuwa mtu aliyekuwa zamani bado yumo ndani akilia. Wewe una risasi za kuhesabu kwa vidole. Kila unayompa yeye umejinyima wewe wa kesho. Sijawahi kuona filamu wala riwaya iliyonifanya niipime huruma yangu kwa idadi namna ile.

Mama yangu mdogo alinikuta usiku mmoja nimekodolea macho kioo, akaniuliza, "Mwanangu, shida za hapa hazijakutosha mpaka uzitafute kwenye kompyuta?" Ni swali la haki, na mtu wa Kibondo hawezi kulikwepa. Wilaya yetu imekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nduta. Jirani zetu wa Kasulu wamekuwa na Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kwa wakimbizi wa kambi hizo ulishushwa mpaka nusu. Hapa uhaba si mchezo, na sitaki neno langu lolote lionekane kuufananisha na burudani.

Jibu langu kwa mama mdogo lilikuwa kwamba uhaba wa kweli hauna aliyekufikiria. Ukame haukupimi mabega kabla haujakutwisha mzigo. Aliyekata mgao yuko mbali, hajui ni mtoto gani atalala na njaa, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba kilichobaki kitatosha. Katika gemu iliyotengenezwa vizuri, kuna mtu aliyepita korido ile kabla yako, mara nyingi kuliko utakavyopita wewe, akapunguza risasi hapa, akarudisha moja pale, mpaka akaridhika kwamba ukitulia utavuka. Amekubana, lakini hakukutupa. Mama mdogo alinielewa upesi kuliko nilivyotarajia, maana yeye mwenyewe ni fundi wa kazi hiyo: maharage ya gunia moja anayafikisha mpaka mavuno, na watoto hawakuwahi kujua ni lini yalikaribia kuisha.

Wazee wetu walikwisha kuyajua haya kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika hatua ya kunamua anaziingiza hizo za mkononi moja moja, hadi mkono ubaki mtupu ndipo uingie katika hatua ya mtaji. Hakuna dadu, hakuna bahati, na hakuna duka la kete pembeni ya bao. Unachokosa wewe anacho mwenzako, na vyote vinaonekana. Ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda wana igisoro, mashimo 32 na kete 64 vile vile. Sijui mchezo wa kisasa uliopangwa kwa usawa mkali kuliko huo, na aliyeupanga hakuacha jina.

Katika gemu za kompyuta, wanaonikumbusha ukali huo ni 4A Games wa Kyiv, Ukraine, waliotoa Metro 2033 mwaka 2010 kutokana na riwaya ya Dmitry Glukhovsky. Vita vya nyuklia vimekwisha, na waliosalia wanaishi kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi ya Moscow. Fedha haina maana tena, kwa hiyo watu wananunua vitu kwa risasi. Lakini risasi ni za aina mbili. Kuna zile chafu zinazotengenezwa humo humo chini, hazina nguvu. Na kuna zile safi za kijeshi, zilizobaki tangu kabla ya vita, ambazo zinaua vizuri na ndizo sarafu. Ukizidiwa kwenye handaki unaweza kuzitia bundukini zile safi, na kila unapobonyeza kitufe unaifyatulia akiba yako gizani.

Humo vituoni wamo pia ombaomba. Anakuja mtu hohehahe, anaomba risasi moja. Ukimpa, hakuna zawadi inayotokea kwenye kioo, hakuna king'ora cha pongezi. Gemu inaandika kimya kimya kwamba wewe ni mtu wa namna gani, na mwisho wa hadithi unaweza kubadilika kwa mambo madogo ya jinsi hiyo. Jambo hili lisingewezekana kama risasi zingekuwa nyingi. Kutoa kwa mwenye ghala lililojaa si kutoa. Mafundi wa Kyiv walilijua hilo, wakahakikisha kwamba unapofika kwa ombaomba mfuko wako ni mwepesi. Juu ya ardhi, ambako hewa ni sumu, unavaa barakoa yenye kichujio kinachoisha, na dakika zake unazisoma kwenye saa ya mkononi. Hakuna namba kubwa pembeni ya kioo. Lazima uinue mkono utazame saa, kama mtu, na muda wa kuutazama ni muda wa kutotazama giza.

Prey, ya Arkane Studios wa Austin, ilitoka mwaka 2017, nayo ilikuwa na upole wa aina nyingine. Uko kwenye kituo cha Talos I, karibu na mwezi, na maadui wadogo wanaweza kujigeuza kikombe au kiti. Silaha hazitoshi, lakini takataka zimejaa: karatasi, nyaya, maganda ya ndizi. Yote unayakusanya na kuyatia kwenye mashine inayoyasaga kuwa vipande vya malighafi, kisha mashine nyingine inakutengenezea risasi au dawa. Mtu aliyelelewa huku kwetu Buha, ambako ndizi hailiwi ikaacha kitu cha kutupwa ovyo, anaielewa gemu hiyo tangu saa ya kwanza. Nilikuwa naingia kila ofisi ya Talos I nikitazama kwanza pipa la taka. Na kila mara swali lilikuwa lile lile: malighafi hii ni risasi ya sasa hivi au dawa ya baadaye? Mashine hazikunijibu. Nilichagua mwenyewe, na nilipokosea nilijua nimekosea wapi.

Hata huruma ya siri ina ufundi wake. Half-Life 2 ya mwaka 2004 ina visanduku vya mbao ambavyo hupanga vitoe nini kwa kutazama umepungukiwa na nini. Wako wanaoona huo ni udanganyifu. Mimi naona ni adabu: mkono uliotoa haukujionyesha.

Uharibifu wa hesabu hii haukuja siku moja. Deus Ex ya mwaka 2000 ilikuwa na risasi za bastola, za bunduki ndefu, mishale, kila kitu na nafasi yake katika mkoba mdogo. Miaka mitatu baadaye ikaja Deus Ex: Invisible War, na humo silaha zote zikatumia risasi za aina moja. Ilidhaniwa ni kumrahisishia mchezaji. Lakini risasi zikishakuwa za aina moja, zinaisha zote kwa pamoja, na ule uamuzi wa kubadili silaha kwa sababu hii imekauka na ile bado, uamuzi uliokuwa ukitufikirisha, ukafutwa. BioShock ya mwaka 2007, jamaa wa damu wa System Shock, ilikuwa na jiji zuri ajabu chini ya bahari, lakini ukifa unafufuliwa kwenye chumba cha jirani bila kulipa chochote, na adui uliyemjeruhi bado ana majeraha yake. Unaweza kumwua yeyote kwa spana kama una subira ya kufa. Wachezaji walilalamika, na baadaye watengenezaji wakaweka njia ya kuvizima vyumba hivyo. Nawapongeza kwa kusikia, ila ilibaki ni kazi ya mchezaji kujiwekea mwiko ambao fundi aliuondoa.

Mwaka 2013 ndio ninaoukumbuka kwa uchungu. Dead Space 3 iliondoa tofauti ya risasi kama Invisible War, na juu ya hayo ikafungua duka: ukipungukiwa malighafi za kutengenezea silaha, unaweza kuzinunua kwa fedha halisi. Mtu anayeuza dawa akipewa pia kazi ya kuamua ugonjwa uwe mkali kiasi gani, hesabu yake huwezi kuiamini tena. Mwaka huo huo ikaja Metro: Last Light. Ile namna yake ngumu, yenye risasi chache kuliko kawaida, ilitangazwa kwamba ndivyo gemu ilivyokusudiwa kuchezwa, kisha ikatolewa kama nyongeza kwa walioagiza mapema. Wengine wainunue pembeni. Kwa hiyo hata kunyimwa kukawa na bei yake.

Afrika Mashariki hatuko mbali na kazi hizi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na karakana yake ya Black Division Games ya Kenya walitoa Nairobi X, gemu ya kufyatua ambayo viumbe kutoka anga za mbali wanaivamia Nairobi, na nilipoona picha zake nilijisikia fahari kama ningekuwa nimeitengeneza mimi. Kuchora tunaweza, hadithi tunazo. Kinachohitaji mwalimu ni ile hesabu, na walimu wake wametawanyika. Looking Glass ilifungwa Mei 2000, haijatimia hata mwaka tangu System Shock 2 itoke. Mei 2024 Microsoft ilitangaza kuifunga Arkane ya Austin, karakana ya watu waliolifikiria ganda la ndizi. Kijana wa Kasulu anayejifunza leo kutengeneza gemu kwenye laptopu ya kuazima hatakaa nao meza moja. Atajifunza kwa zile zilizoko mikononi mwake, gemu za simu, ambamo risasi zikiisha unaambiwa utazame tangazo la sekunde 30, na unarudishiwa zote.