Airbnb ilivyohamisha faili 3,500 za majaribio kwa wiki 6

Mwaka 2020 Airbnb iliamua majaribio yote mapya ya programu zake za React yaandikwe kwa React Testing Library. Ya zamani, karibu faili 3,500, yalibaki kwenye Enzyme, maktaba inayochungulia mno mambo ya ndani ya programu. Kuyafuta kungeacha sehemu kubwa ya msimbo bila ulinzi, na kuyaandika upya kwa mkono kulikadiriwa kuchukua mwaka mmoja na nusu. Kwa msaada wa akili mnemba, kazi iliisha kwa wiki 6.

Wengi huuliza ilitumika modeli gani ya lugha. Kwangu swali zito zaidi ni nani aliyeikagua. Kila faili ilipitishwa kwa hatua: kuondoa Enzyme, kisha kusahihisha makosa yaliyoonyeshwa na Jest, chombo kinachoendesha majaribio, halafu yale ya kanuni za uandishi na ya TypeScript. Kila hatua ilikuwa na mkaguzi wake, programu ya kawaida isiyobembelezeka. Faili iliyokwama ilirudishwa kwa modeli pamoja na ujumbe wa kosa, ijaribu tena. Nyingi za kawaida zilipita kabla ya kurudiwa zaidi ya mara 10.

Zile ngumu zilidai muktadha. Maagizo kwa modeli yalivimba hadi tokeni 40,000 na hata 100,000, yakibeba hadi faili 50 zinazohusiana: msimbo wenyewe unaojaribiwa, majaribio ya jirani, mifano mizuri kutoka mradi uleule. Uteuzi wa faili hizo ulizaa matunda zaidi kuliko ufundi wa kupamba maagizo, na uteuzi huo ulihitaji watu wanaoujua mradi.

Saa 4 za kwanza zilimaliza asilimia 75. Kwa zilizobaki, kama 900, wahandisi walichukua chache zenye kasoro inayofanana, wakarekebisha maagizo na skripti, kisha wakaendesha zote upya. Baada ya siku 4 walifika asilimia 97. Faili zisizotimia 100 zilikamilishwa kwa mkono, kuanzia pale modeli ilipoishia.

Naisifu kazi hii, lakini ina hatari moja ambayo kila anayetaka kuiiga aitazame. Hapa kilichoandikwa upya ni majaribio yenyewe, na jaribio lisilodai chochote hufaulu daima. Mkaguzi ataona kijani, modeli itapita, na kosa halisi litapenya siku nyingine. Hata kipimo cha kiasi cha msimbo kinachoguswa na majaribio hakitoshi, kwa sababu kinathibitisha tu kwamba mstari uliendeshwa, si kwamba matokeo yake yalihakikiwa.

Mhandisi mwenzangu, kabla hujapokea majaribio yaliyoandikwa na modeli, haribu msimbo kwa makusudi mahali kadhaa, kisha uyaendeshe. Yasipofeli, yakatae.